Kuendesha baiskeli kandokando ya Bwawa la Mtera: njia za changarawe, majira yake na tahadhari

Bwawa la Mtera hutajwa redioni kila mvua zinapochelewa, umeme unapoyumba au samaki wanapoadimika. Leo tunalitazama kwa upande mwingine, yaani tukiwa juu ya baiskeli. Wapo wasikilizaji wetu wanaopita huko kila siku na tenga la samaki kwenye keria. Wapo vijana wanaotafuta njia ndefu ya mazoezi. Wapo pia wageni wanaofika na baiskeli za changarawe wakiuliza njia ya kulizunguka bwawa.

Wote hao tunawajibu jambo moja kwanza: bwawa hili halizungukwi. Hakuna barabara inayofuata ukingo wake wote, na ukingo wenyewe haukai mahali pamoja mwaka mzima. Anayelijua hilo hupanga safari nzuri na kurudi salama. Asiyelijua anaweza kukutwa na jioni ndani ya tope, chupa ya maji ikiwa tupu, na kijiji cha karibu hakioni.

Tunashauri uyahifadhi maelezo haya kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani. Ukiacha barabara kuu, mtandao hukatika mara kwa mara.

KWA KIFUPI

- Panga safari kwa kufuata barabara zilizo juu ya maji. Njia za ukingoni ziwe za kwenda na kurudi.
- Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Miezi mibaya ni Januari hadi Aprili.
- Baiskeli ya kawaida ya kijijini inafaa, ikiwa breki na tairi ni nzima.
- Beba maji ya kunywa, viraka na pampu. Usitegemee maji ya bwawa.
- Usisimame kando ya maji alfajiri, jioni wala usiku. Kuna mamba na viboko.

BWAWA LENYEWE

Mtera lipo kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya msimu wa mvua kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, ambayo iko chini zaidi kwenye mto huohuo na ina uwezo wa megawati 204. Mwaka 1988 Mtera nayo ikaanza kuzalisha umeme kwa mitambo yake ya megawati 80. Maji yakishatoka Kidatu huendelea mpaka Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere.

Likijaa, bwawa hufunika eneo la kilomita za mraba zipatazo 660. Maji yake huletwa na Ruaha Mkuu, ambao umeshapokea maji ya Ruaha Mdogo, pamoja na Mto Kisigo unaotoka upande wa magharibi. Mito hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutozunguka. Upande wa magharibi inaingia bwawani kupitia nyanda pana za matope, mbali na madaraja na karibu na mapori ya wanyama. Hakuna barabara ya kukutoa ng'ambo moja hadi nyingine huko.

Sababu ya pili ni kupanda na kushuka kwa maji. Bwawa likijaa kabisa, uso wa maji huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini kilichowekwa kwa kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti yake ni mita 8.5 tu, lakini nchi ya Mtera ni tambarare. Chukua mfano wa mahali ambapo ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 200. Hapo, maji yakishuka mita 8.5, ukingo unarudi nyuma mita 1,700, karibu kilomita 2. Ipo pia miaka ya ukame mkali. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalipungua sana na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme.

Maji yanapoondoka, ardhi iliyobaki huota majani mabichi. Wafugaji huleta mifugo, wakulima hupanda mboga na mahindi, na wavuvi husogeza kambi zao kufuata maji. Miguu ya watu na ng'ombe hutengeneza njia nzuri sana za baiskeli, ngumu na zisizo na mawe. Mvua zikirudi, njia hizo huzama.

Ndiyo maana hatupendekezi kufuata ramani ya simu peke yake. Ramani nyingi huchorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani siku moja ya mwaka mmoja. Mstari unaouona kwenye kioo cha simu unaweza kuwa njia ya Oktoba ya mwaka wa ukame, na wewe umefika Mei bwawa likiwa limejaa. Muulize mvuvi au mchungaji: "Njia hii bado inapitika? Maji yamefika wapi?" Maswali hayo mawili yatakusaidia kuliko ramani.

BAISKELI GANI INAFAA?

Baiskeli ya changarawe ni baiskeli nyepesi yenye usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano, lakini tairi zake ni pana zaidi. Imetengenezwa kwa ajili ya barabara zisizo na lami. Mchezo huu umekua haraka. Huko Marekani, mbio maarufu za jimbo la Kansas zilianza mwaka 2006 na njia yake kuu ni ya maili 200, yaani zaidi ya kilomita 320. Kwa jirani zetu Kenya, mbio za Migration Gravel Race zilianza mwaka 2021 katika eneo la Masai Mara.

Lakini hauhitaji kununua baiskeli hiyo ili uende Mtera. Angalia ubavuni mwa tairi ya baiskeli ya kawaida, ile kubwa ya kubebea mizigo. Nyingi zimeandikwa 28 x 1½. Upana wake ni milimita 40 hivi, na hiyo ndiyo saizi inayotumiwa na waendeshaji wengi wa baiskeli za changarawe. Tofauti kubwa ni uzito, gia na breki. Baiskeli ya kawaida ni nzito karibu mara mbili, na breki zake za vyuma hushika vibaya zikilowa. Kwenye tambarare haitakuangusha. Kwenye mlima, shuka uisukume, na kwenye mteremko mkali shuka pia.

Adui mkubwa wa tairi huku ni miiba. Kuna miiba ya migunga, na kuna mbigiri, ule mmea unaotambaa chini wenye vijitunda vya miiba migumu. Mbigiri hupenda kando za njia na maeneo ya kupumzikia mifugo. Kwa hiyo baki katikati ya njia iliyokanyagwa, na unapopumzika usiilaze baiskeli kwenye majani. Kabla ya kuondoka tena, zungusha kila gurudumu taratibu na uchomoe miiba kabla haijazama ndani. Ukikuta mwiba umeshafika kwenye mpira, usiuchomoe mpaka uwe tayari kuziba.

Kuhusu upepo wa tairi: kwenye changarawe punguza kidogo ili tairi ishike ardhi na mikono isichoke. Kama umebeba mzigo, usipunguze. Tairi laini yenye mzigo hugonga ringi kwenye jiwe na kupasua mpira.

MAJIRA YA KWENDA

Mtera ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mwaka wa mwendesha baiskeli unagawanyika hivi.

Januari hadi Aprili. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa huganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Makorongo makavu hujaa maji ya ghafla, hata pale ambapo wewe hukuona mvua, kwa sababu imenyesha milimani. Usivuke korongo linalotembea maji. Subiri, kwa kawaida hupungua baada ya saa chache. Miezi hii baki kwenye lami.

Mei hadi Julai. Mvua zimekwisha, bwawa liko juu na hewa ni ya baridi asubuhi. Barabara za changarawe zimekauka, lakini njia za ukingoni nyingi bado ziko chini ya maji.

Agosti na Septemba. Maji yameanza kurudi nyuma na njia za ukingoni zinafunguka. Tatizo ni upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa mchana huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukienda magharibi asubuhi utajiona una nguvu nyingi, halafu wakati wa kurudi upepo utakukabili usoni. Weka akiba ya nguvu na ya maji.

Oktoba na Novemba. Njia za ukingoni ni nyingi kuliko miezi mingine, lakini joto ni kali. Ondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, pumzika kivulini kuanzia saa tano, na usiendelee kabla ya saa tisa na nusu alasiri.

Desemba. Mwezi wa kubahatisha. Mvua ya kwanza inaweza kufunga njia uliyopita asubuhi.

NJIA NNE ZA KUCHAGUA

1. Migoli na mialo ya jirani (kwa wanaoanza)

Migoli ni mji mdogo wa wavuvi na wafanyabiashara upande wa Iringa, kilomita kama 95 kutoka Iringa mjini kwa barabara kuu ya Dodoma. Kuna chakula, gesti na mafundi baiskeli. Kutoka hapo njia za vumbi hushuka kwenda kwenye mialo, yaani sehemu ambazo mitumbwi hupaki na samaki huuzwa. Fuata wachuuzi wa samaki wenye baiskeli. Wao ndio wanaojua njia ya mwezi huu. Nenda mwalo mmoja, rudi kwa njia ileile, na siku nyingine uende mwalo mwingine. Hatuandiki idadi ya kilomita, kwa sababu umbali wa kufikia maji hubadilika kila msimu. Ukifika utaona miti mikavu iliyosimama majini tangu bwawa lilipojaa, na juu yake ndege wengi.

2. Migoli hadi ng'ambo ya Dodoma, kupitia ukuta wa bwawa

Hii ni njia ya lami, lakini tumeiweka kwa sababu ndiyo inayounganisha kingo mbili. Barabara kuu ya Iringa na Dodoma hupita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe. Ni sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini ya zamani. Malori ni mengi na upepo wake unaweza kukuyumbisha. Vaa nguo ya rangi inayoonekana, endesha kwa mstari mmoja, na malori mawili yanapopishana karibu nawe shuka barabarani usubiri. Ukuta na mitambo ni eneo la ulinzi. Usisimame pale na usipige picha, hata kama mandhari yanakuvutia.

3. Izazi, Mboliboli hadi Pawaga (kwa wenye uzoefu)

Kutoka Izazi, kwenye barabara kuu upande wa Iringa, barabara ya udongo na changarawe huelekea Mboliboli na kisha Pawaga. Hii ndiyo njia inayokuonyesha kusini mwa bwawa: nyika kavu ya mibuyu na migunga, kisha ghafla mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa maji ya mto. Tenga siku nzima. Kutoka Pawaga kuna usafiri wa kurudi Iringa mjini, kwa hiyo hulazimiki kurudi kwa njia ileile. Kuna mchanga mwingi kwenye makorongo na udongo wa mbuga karibu na mashamba. Eneo hili limepakana na hifadhi ya wanyamapori ya jamii ya MBOMIPA, na tembo hupita. Usiendeshe usiku, na uliza kijijini kama wameonekana siku hizo.

4. Chipogoro, Rudi hadi Kibakwe (kwa wenye nguvu)

Upande wa Dodoma, ukifika Chipogoro kwenye barabara kuu, kuna barabara inayokwenda mashariki kupitia Rudi hadi Kibakwe, na kuendelea mpaka Gulwe na Mpwapwa. Njia hii inaliacha bwawa mgongoni na kuingia nchi ya vilima. Faida yake ni kwamba haitegemei kiwango cha maji ya bwawa. Hasara yake ni milima, makorongo ya mchanga, na sehemu ambazo barabara imejiunda vijituta vidogo vilivyofuatana kama bati. Kwenye vijituta hivyo tafuta ukingo wa barabara uliolainika, na usikaze mikono kwenye usukani. Panga kulala njiani.

HATARI ZA KUJUA MAPEMA

Mamba. Wapo bwawani na kwenye mito inayoingia. Mamba hukamata pale ambapo watu na mifugo wamezoea kushuka majini. Usinawe, usioshe baiskeli wala usijaze chupa ukiwa umeinama ukingoni. Ukihitaji maji ya kupozea mwili, chota mahali wanapochota wenyeji na ukiwa na mwenyeji.

Viboko. Usiku hutoka majini kula majani, na alfajiri hurudi. Ajali hutokea mtu anaposimama kati ya kiboko na maji. Ukiona njia pana iliyolala majani ikielekea bwawani, na nyayo kubwa za vidole vinne, hiyo ni barabara yake. Ondoka hapo.

Joto. Mwendesha baiskeli kwenye jua la Mtera anahitaji nusu lita hadi lita moja ya maji kwa saa. Kwa safari ya saa sita, anza na lita nne hadi sita. Beba pakiti mbili za chumvichumvi za kuchanganya na maji safi. Kichwa kikianza kuuma, ukiona kizunguzungu au jasho likikauka ghafla, simama kivulini, lowesha nguo na omba msaada. Usijilazimishe kufika.

Maji ya bwawa. Yachemshe au yatibu kabla ya kunywa. Kumbuka pia kwamba kichocho huingia kupitia ngozi kwenye maji yaliyotulia.

HESHIMA KWA WENYEJI

Njia hizi ni za watu wanaozitumia kutafuta riziki. Mchuuzi mwenye kilo nyingi za samaki hawezi kukata kona haraka kama wewe. Mpishe. Ukikutana na mifugo, simama umwache mchungaji aipitishe. Usikate katikati ya bustani za ukingoni, hata kama hazina uzio.

Kama mnakwenda kundi, au mna mgeni kutoka nje, piteni kwanza ofisi ya kijiji mjitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti. Inachukua dakika chache, na mkipata shida kijiji kitajua mko upande gani. Salamu nayo hufungua njia: upande wa Wagogo jibu na usalimie kwa "mbukwenyi", upande wa Wahehe kwa "kamwene".

Na wewe unayeishi Migoli, Izazi au Chipogoro, wageni hawa wanaweza kukuachia fedha bila mradi mkubwa. Wanahitaji maji safi ya kunywa, chakula cha moto, mahali salama pa kulaza baiskeli, fundi mwenye viraka, na kijana anayejua njia ya mwezi huu. Huyo kijana hatapitwa na ramani yoyote ya simu. Elewaneni malipo kabla ya kuondoka. Ukifikiria kujenga kibanda karibu na maji, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa. Hapa Mtera kuna sababu nyingine ya kukaa mbali: kibanda cha Novemba kinaweza kuwa ndani ya maji Aprili.

KABLA YA KUONDOKA, HAKIKISHA

- Umemwambia mtu njia unayopita na saa unayotarajia kurudi.
- Una mpira wa akiba, viraka, gundi, pampu na spana.
- Breki zote mbili zinashika na mnyororo una mafuta.
- Simu imejaa chaji, na namba za nyumbani umeziandika pia kwenye karatasi.
- Una maji, chumvichumvi, kofia, na chakula kidogo kisichoharibika kwa joto.
- Umeuliza leo, si wiki iliyopita, maji yamefika wapi.
- Umepanga saa ya kugeuza. Saa hiyo ikifika, geuza, hata kama bwawa hujaliona.

Jambo hilo la mwisho ndilo gumu kulitii, hasa unapoona maji yanang'aa mbele kama hatua chache tu. Kwenye tambarare ya Mtera hatua hizo chache huweza kuwa kilomita mbili za tope. Bwawa utalikuta siku nyingine. Safari njema.